Wiki Nane Kwenye Zege



Kuanzia Julai, ukipita penye uzio wa mabati na kibao cha mkandarasi, iwe Dodoma, Mwanza au Dar es Salaam, tazama kofia za watu walioko ndani. Utaona zilizofifia kwa jua, zilizoganda matone ya zege, zilizoandikwa majina kwa wino mzito. Halafu utaona moja au mbili hazina hata mkwaruzo. Wenye kofia hizo ni wanafunzi wa uhandisi, wa usanifu majengo au wa ukadiriaji majenzi, wameshika daftari na hawajui wasimame wapi. Wamekuja fildi. Vyuo huita mafunzo kwa vitendo, wenyewe husema PT. Kwa kawaida ni wiki nane ndani ya likizo ndefu, baada ya mitihani ya kumaliza mwaka.

Muulize mzazi kijana wake amekwenda kutafuta nini huko, atakwambia uzoefu. Mhadhiri atakwambia kuoanisha nadharia na vitendo. Mwanafunzi mwenyewe, akiwa mkweli, atakwambia alama na mhuri. Leo nabishana na wote watatu, kwa heshima zao.

Uzoefu wa wiki nane haupo. Mwenye uzoefu ni fundi aliyemwaga zege kwa miaka 20, na hata huyo kuna siku udongo unamshangaza. Nadharia nayo, sehemu kubwa mwanafunzi ataisoma baada ya kurudi chuoni, kwa sababu wa mwaka wa kwanza hata hesabu za boriti hajafika nazo mbali. Habari ya mhuri nitaifikia baadaye.

Mimi naamini kwamba kikubwa anachokipata mwanafunzi saiti, ambacho darasa haliwezi kumpa hata likiwa na maabara nzuri kiasi gani, ni kujifunza kukataa. Kusema hapana mbele ya watu waliomzidi umri, wakati saa na fedha zinamtaka aseme ndiyo, na kuwa na namba ya kusimamia anaposema hivyo. Kazi ya mhandisi, ukiivua mapambo yake, kwa sehemu kubwa ni hiyo.

Nieleze kwa zege, maana zege kila mmoja wetu amewahi kuliona.

Lori la zege linafika getini saa sita mchana. Tuseme limebeba mita za ujazo sita. Mita moja ya ujazo ya zege ina tani mbili na ushee, kwa hiyo hapo pana zaidi ya tani 14 za kitu ambacho kimekwisha anza safari ya kuganda, maana tangu maji yalipokutana na saruji, muda unahesabiwa. Juu ya slabu mafundi wamejipanga, vaibreta za kulishindilia zege zimewashwa. Kabla zege halijapanda, mwanafunzi anapewa kazi inayoonekana ya kitoto: apime slampu, yaani ulaini wa zege lenyewe.

Kifaa ni koni ya chuma iliyo wazi juu na chini. Urefu wake ni milimita 300, upana wa chini 200, upana wa juu 100. Unaijaza kwa matabaka matatu, na kila tabaka unalishindilia kwa fimbo ya chuma mara 25. Mara 25 kamili, usiseme "mpaka ionekane imejaa". Unasawazisha juu, unainua koni taratibu bila kuiyumbisha, na zege lililobaki peke yake linajishusha. Unapima limeshuka kiasi gani. Kama maelekezo ya mradi yanataka lishuke kati ya milimita 75 na 125, na lako limeshuka 180, maji yamezidi.

Darasani swali lingeishia hapo. Ungeandika jibu, ungepigiwa vema, ungeenda kula. Saiti, ile 180 ina watu nyuma yake. Dereva anataka kumwaga akawahi safari nyingine. Fomeni anajua kwamba lori likirudishwa, siku imevurugika, na vibarua watalipwa hata kama wamekaa kivulini. Mmoja atasema, "Kijana, mbona hilo liko vizuri, jengo la jirani tumemwaga hivi hivi." Mwingine atauliza, na hilo ndilo linalouma, "Wewe si umekuja kujifunza tu?"

Ni kweli amekuja kujifunza. Hana mamlaka ya kurudisha lori, wala hapaswi kupewa. Ana kazi mbili tu: kuandika namba aliyoiona, na kumwita mhandisi wake aje aione kabla koni haijaoshwa. Akiweza kufanya hayo mawili huku watu kumi wanamtazama, hata kama sauti inamtetemeka, hiyo fildi imelipa. Akiandika 120 ili yaishe, hapo pia amejifunza kitu, na Mungu atuepushe na jengo atakalokuja kulisimamia.

Pengine msikilizaji anauliza, maji kidogo hayo yana ugomvi gani? Saruji inahitaji maji ili ishikamane, lakini maji inayoyahitaji ni machache kuliko yale yanayolifanya zege lilainike na kumwagika bila taabu. Yanayozidi hubaki ndani, na yakikauka huacha vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Vitundu hivyo ndivyo unyonge wa zege. Mmarekani Duff Abrams aliitangaza kanuni hiyo mwaka 1918: kadiri maji yanavyozidi yakilinganishwa na saruji, ndivyo nguvu ya zege inavyopungua. Kila mwanafunzi wa ujenzi ameikariri. Saiti anakutana na sababu ya watu kuivunja kila siku, nayo haina ubaya wowote wa moyo: zege gumu linavunja mgongo. Fundi anaongeza ndoo ya maji kwa sababu mabega yake yamechoka. Ukilijua hilo, unajua pia kwamba huwezi kuzuia maji kwa ukali peke yake. Inabidi upange watu wa kutosha, uhakikishe vaibreta inafanya kazi, uagize kokoto za ukubwa unaopita katikati ya nondo. Hayo mtu anayaelewa akiwa amesimama pale, tena na karai mkononi.

Sasa fuatana nami kwenye hesabu ndogo. Kutoka lori hilo hilo huchukuliwa zege la kujazia vikasha vya chuma vyenye pande za milimita 150. Vipande vinavyotoka humo, mafundi na wahandisi wote huviita kyubu. Zinalowekwa majini, nyingine zinapondwa kwenye mashine siku ya 7, nyingine siku ya 28, na nguvu ya siku ya 28 ndiyo inayohukumu zege. Wiki nane ni siku 56. Maana yake, zege atakalolipokea mwanafunzi ndani ya wiki nne za kwanza, hukumu yake ataisikia akiwa bado yuko hapo hapo. Ataona namba aliyoiandika getini ikirudi kutoka maabara ikiwa na majibu. Zege la baada ya hapo, majibu yatatoka yeye akiwa amekwisha rudi nyumbani. Kwa hiyo ofisi inayompokea mwanafunzi na kumweka mwezi mzima kwenye mashine ya fotokopi, huku ikimwahidi kwamba "saiti utakwenda tu", haijampunguzia nusu ya mafunzo. Imemnyang'anya sehemu ambayo kosa na matokeo yake huonekana na mtu yule yule.

Jambo hili la kumtoa mwanafunzi darasani halikuanza jana. Mwaka 1906 katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, Herman Schneider alianza na wanafunzi 27 wa uhandisi waliokuwa wakipokezana, muda darasani na muda kiwandani. Kwetu, chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Mtanzania aliyetaka uhandisi alikwenda kuusomea Nairobi, kama aliyetaka sheria alivyokuja Dar es Salaam. Kitivo cha Uhandisi cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973 kwa msaada wa Wajerumani wa Magharibi, na Wajerumani ni watu ambao kwao mhandisi asiyeshika nyundo hajakamilika.

Likizo yetu nayo imekaa mahali pazuri. Masika yanakuwa yamekwisha, vuli bado, barabara zinachimbwa na kushindiliwa. Kijana anayekwenda kwenye barabara wakati huo atayaona maji tena, ila kwa sura nyingine. Udongo mkavu haushikamani hata ukiupitishia mtambo siku nzima. Ukilowa kupita kiasi unateleza na kubonyea. Upo unyevu wake wa katikati, unaotafutwa maabara, na ndiyo maana wakati wa kiangazi utaliona boza la maji likienda mbele ya mtambo wa kushindilia. Kisha wanachimba kishimo kidogo, wanapima uzito wa udongo uliotoka, wanajaza mchanga wa kupimia ili kujua ujazo wa kishimo, na wanalinganisha msongamano wake na ule uliopatikana maabara. Asilimia 93 mahali panapotakiwa 95 ni hapana nyingine ya kusema, na safari hii anayeisikia ni dereva wa mtambo ambaye tangu asubuhi amekula vumbi akiamini amemaliza.

Nihamie kwa mafundi, maana hapo pana utajiri ambao wanafunzi wengi wanaupita bila kuuona.

Siku ya kwanza tu mafundi watamwita "Injinia". Nusu ni heshima, nusu ni utani, na kijana mwenye akili anajua nusu ipi ni ipi. Yeye anamwamkia fundi mkuu, "Shikamoo, fundi," na mzee anamjibu, "Marahaba, Injinia, leo umetuletea hesabu gani?" Wa chini kwa umri ndiye wa juu kwa cheo kitakachokuja. Vyuo havina somo la kuishi ndani ya hali hiyo. Wapo wanaoharibu siku hiyo hiyo: anamsahihisha mzee mbele ya vibarua wake kwa sauti ya juu, na tangu hapo hakuna atakayemwambia chochote cha maana mpaka wiki ya nane. Wapo pia wanaoogopa, wakageuka wasindikizaji, wanaitikia kila kitu. Anayefaulu ni yule anayeuliza kwanza, akabishana baadaye, na akibishana anamvuta mzee pembeni.

Na akiuliza ataonyeshwa. Atamwona fundi akihamisha usawa kutoka nguzo moja hadi ya upande wa pili wa nyumba kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji. Maji yanakaa usawa mmoja ncha zote mbili. Fundi anaweka alama ya penseli, basi. Kijana ameacha ofisini mashine ya kupimia yenye thamani ya gari, na fizikia ya sekondari imemaliza kazi kwa mpira. Ila akitazama vizuri atagundua pia kwamba pakiwa na kiputo cha hewa ndani ya mpira, alama inadanganya, na fundi anajua, ndiyo maana anaugonga gonga kwa kidole kabla ya kusoma. Ataona pembe mraba ya msingi ikipatikana kwa kamba, tatu kwa nne kwa tano. Ataona biskuti, vile vipande vidogo vya zege vinavyofungwa chini ya nondo ili isilale kwenye mbao, na ataambiwa kwa nini kukosekana kwake leo ni kutu ya kesho.

Kuna jambo moja la nondo ambalo namshauri kila mwanafunzi alifanye wiki ya kwanza. Uzito wa nondo kwa kila mita moja unapatikana kwa kuzidisha kipenyo chake kwa chenyewe, kisha kugawa kwa 162. Nondo ya milimita 12: 144 gawa kwa 162, inakuja karibu kilo 0.89 kwa mita. Nondo nzima ya mita 12 inapaswa kukaribia kilo 10.7. Omba mzani, pima nondo chache kutoka kwenye rundo lililoletwa. Ukikuta kilo tisa, usipige kelele. Andika, pima nyingine, mwite mhandisi. Mafundi wengine huitambua nondo nyembamba kwa kuibeba begani tu, lakini bega halikubaliki kama ushahidi kwa aliyeiuza.

Sasa niseme jambo ambalo halitawapendeza wengi. Miaka hii kila mwanafunzi alitaka kwenda kwenye miradi yenye jina: Bwawa la Julius Nyerere na megawati zake 2,115, reli ya kisasa iliyoanza kupeleka abiria Dodoma mwaka 2024, Daraja la Kigongo hadi Busisi lenye urefu wa kilomita tatu lililofunguliwa Juni 2025. Siwalaumu, picha zake ni nzuri. Lakini mradi mkubwa unamweka mwanafunzi kwenye kipande kimoja. Mwingine atamaliza wiki nane akihesabu malori yanayoingia na kutoka, na ripoti yake ataijaza maelezo yanayopatikana kwenye kipeperushi cha mradi. Mpeleke mwenzake kwenye kalavati la barabara ya wilaya chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, huko ambako hata mtandao wa simu unasumbua. Wiki ya kwanza atakuta mto mkavu na vigingi. Ataona uchimbaji, ataona zege jepesi la kusafishia chini, nondo za kitako, mbao za kuta, zege, siku za kulimwagilia maji, mabawa ya kuzuia udongo, na kufukia. Atajua kwa nini wazee wa kijiji wanasema maji hayapiti hapo mlipochora, yanapita kule. Na pengine atagundua wazee wana haki. Kitu kizima, mwanzo na mwisho, ndani ya likizo moja. Ningekuwa mzazi, ningemwombea kalavati.

Turudi kwenye daftari. Mwanafunzi hupewa kitabu cha kumbukumbu cha kujaza kila siku, na kila wiki msimamizi wa saiti anakisaini. Wengi hukijaza Ijumaa jioni, siku tano kwa mkao mmoja. "Leo tulimwaga zege." Nani? Wapi? Nguzo ipi, ghorofa ya ngapi, saa ngapi, mifuko mingapi, slampu kiasi gani, mvua ilinyesha au haikunyesha? Sentensi ile haina faida kwa mtu yeyote, hata kwa aliyeiandika.

Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jengo la Kariakoo, na tukazika tena ndugu zetu, wengi wao wafanyabiashara na wateja waliokwenda kutafuta riziki. Sina haja ya kuyachambua majengo hayo hapa. Nasema tu kwamba vumbi likishatua, maswali yanayoulizwa ni ya daftari: nani alisimamia, alikuwepo siku gani, zege lilipimwa lini, aliyekataa alikataa kwa maandishi gani. Mtu aliyesema hapana kwa mdomo tu, baada ya miaka miwili ni mtu ambaye hakusema kitu.

Ndiyo maana tabia hiyo inataka kuanza mapema. Akimaliza chuo, kijana bado si mhandisi kamili kwa sheria yetu ya mwaka 1997. Anasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhitimu, na mbele yake kuna miaka mitatu ya kazi chini ya mhandisi mwingine, ndiyo ule mpango wa SEAP ulioanzishwa mwaka 2003, ambao nao ni wa kuandika na kutoa taarifa kipindi hadi kipindi. Aliyezoea kudanganya daftari la wiki nane atalidanganya na la miaka mitatu, na mwishoni ataapa kiapo cha wahandisi kwa mdomo ule ule.

Basi nifikie mhuri. Wapo wanaopigiwa mhuri bila kukanyaga saiti, kwa sababu mjomba ana kampuni. Wanajulikana, wenzao wanawajua, na msimamizi wa chuo anayewatembelea mara moja kwa nusu saa hana namna ya kuwagundua, hasa ikiwa ametoa taarifa ya kuja siku tatu kabla. Ningekuwa na sauti vyuoni ningesema: msimuulize mwanafunzi amefanya nini. Mpeni koni, mpeni zege, mtazame mikono yake. Dakika tano zinatosha.

Fedha nazo zisemwe. Wanaopata mkopo wa elimu ya juu wana fungu la mafunzo kwa vitendo. Wasio na mkopo wanajilipia nauli, chumba na chakula, na saiti nyingi haziwapi hata cha mchana. Kijana aliyepata nafasi nzuri Kigoma anaiacha, anabaki Dar es Salaam mahali pasipo na kazi, kwa sababu hapo ana shangazi wa kumpa kitanda. Kenya, wanakosema atachimenti, kila mwajiri anachangia shilingi 50 za huko kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, kwenye mfuko wa mafunzo ya viwandani, na mamlaka inayoushika hushughulika pia na nafasi za wanafunzi. Kwetu, waajiri wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, na mimi sioni kwa nini senti chache za tozo hiyo zisimfikie mwanafunzi anayepanda basi kwenda kwenye kalavati.

Kuhusu mabinti, nitasema fupi, kwa kuwa jambo lenyewe ni fupi. Saiti nyingi hazina choo cha wanawake. Mkandarasi anasema anawakaribisha wasichana kwenye uhandisi, picha anapiga, lakini binti anakunywa maji kidogo kutwa nzima juani ili asihitaji kujisaidia. Norway iliwahi kufadhili wahandisi wahitimu wanawake katika SEAP, na tukashukuru. Choo cha mabati hakihitaji mfadhili.

Na kuna hapana moja ambayo mwanafunzi anayo tangu siku ya kwanza, bila kusubiri cheo chochote. Akiambiwa apande jukwaa lisilo na kizuizi, au aingie kwenye mtaro uliochimbwa kwenda chini bila kuzuiwa kuta zake, akatae. Tuna sheria ya usalama na afya mahali pa kazi tangu mwaka 2003. Hakuna alama za fildi zenye thamani ya uti wa mgongo, na fomeni anayemcheka leo ndiye atakayekuwa wa kwanza kusema hakumtuma.

Wakandarasi, wahandisi washauri, nanyi wa halmashauri, nina ombi kwenu. Msimpe mwanafunzi kila kitu akitazame. Mpeni kitu kimoja akishike. Msingi wa nguzo moja, chemba moja, mita 50 za mtaro. Afuate mchoro wake, nondo zake, zege lake, kyubu zake, na siku ya mwisho awaeleze kwa kinywa chake kilichokwenda vizuri na kilichoharibika. Haitawagharimu zaidi ya mnavyotumia sasa kumkalisha. Mtapata pia macho mapya ambayo bado hayajazoea kunyamaza, na katika kazi hii macho ya namna hiyo ni adimu.

Barua za kuomba nafasi za Julai huanza kufika mezani kwenu miezi kadhaa kabla. Wengi wenu hamjibu, na kijana anajua amekosa nafasi siku anaposimama getini na begi lake. Kama mnayo nafasi ya mmoja, mjibuni mapema. Kama hamna, mwambieni mapema pia, aende kwingine.